Mhogo wa Kinga

Siku Daktari Jedidah alipokuja Rejaf, nje kidogo ya Juba, kuonyesha watu mihogo yake, Konga ndiye aliyesimama kando yake kutafsiri. Daktari alikuwa Mkenya, na udaktari wake ulikuwa wa mimea: alisomea jinsi tabia za mama na baba zinavyomwingia mtoto, hata mtoto huyo akiwa mhogo. Kibari, lugha ya watu wa hapo, hakukijua. Konga alikuwa amejifunza Kiswahili alipokuwa mkimbizi Uganda, Kiswahili cha kubeba mizigo na kuuza mkaa, lakini siku hiyo kilimtosha. Tena shamba lilikuwa lake. Mradi wa utafiti ulikuwa umemwomba kipande cha shamba, ukapanda humo mistari ya mihogo, kila mstari na kibao chake cha plastiki.

Waliokuja hawakuwa wengi. Serikali ilikuwa imekataza mikusanyiko kwa sababu ya Korona, kwa hiyo walikaa mbali mbali kwenye matuta, barakoa zikiwa zimeteremshwa kidevuni.

Daktari aliinama akashika jani la mstari mmoja. Lilikuwa limejikunja, lina madoa ya njano kama limemwagiwa kitu. Akasema hiyo ni kazi ya virusi. Kisha akavuka tuta, akasimama kwenye mstari wa pili, ambako majani yalikuwa mapana na ya kijani kibichi.

"Hii tumeizalisha kwa kuchanganya mihogo ya aina mbili," alisema. "Ina kinga. Virusi vikija, haishikwi."

Konga akawageukia watu. Kwa Kibari alikuwa na neno la mhogo, la jani na la ugonjwa, lakini la virusi hakuwa nalo. Mwezi ule mzima redio ilikuwa ikitaja virusi kwa jina moja tu, asubuhi na jioni. Akalichukua hilo.

"Anasema mhogo huu una kinga," aliwaambia. "Korona ikija, haiushiki."

Ponsiano, katekista kutoka Kator, akainua mkono kama aliye darasani. "Na mwenye kuula?"

Hapo Konga angeweza kugeuka amuulize Daktari. Lakini alikuwa ametafsiri tangu asubuhi, watu wakimtazama yeye mdomoni wala si Daktari, na alikuwa ameanza kuona kwamba majibu ni yake. "Mwenye kuula atashikwaje," alisema, "na chakula chake hakishikwi?"

Vichwa vikatikisika kwa kukubali. Daktari Jedidah aliviona, akatabasamu, akafurahi kwamba watu wameelewa.

Nyumbani Kator, Konga alimsimulia mkewe Poni neno kwa neno. Poni alikuwa akimenya mihogo, miguu ameinyoosha mbele, na hakuacha kumenya.

"Hilo la mwisho alilisema yeye?"

"Lilikuwa ndani ya maneno yake."

"Basi nitaupaka na magotini," alisema Poni, "labda yataacha kuniuma." Akacheka peke yake, hata binti yao Prossy akatoka ndani kuuliza kuna nini.

*

Kabla ya wiki kwisha, soko la Konyo Konyo, ambako Poni aliuza mihogo, lilikuwa limepata habari. Wanawake waliokuwa wakimpita Poni wakaanza kumtafuta. Waliinama kwenye fungu lake wakauliza kwa Kiarabu cha Juba kama hii ndiyo bafra ta Korona, ule mhogo wa ugonjwa ule. Mwanzoni Poni aliwajibu kwamba ni mhogo tu, upikwe vizuri na chumvi. Walidhani anawaficha ili awauzie wakubwa. Mwishowe akachoka, akawa anaitikia kwa kichwa, na kila jioni gunia lilirudi tupu.

Konga naye alibadilika kwa watu. Bombani, mahali ambapo vijana walizoea kuusogeza mtungi wake nyuma kwa mguu bila hata kumtazama, sasa waliita, "Mzee Konga, pita mbele." Awien, mama muuza chai wa njia panda, alimwekea kiti kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, na kwa chai hakumtoza kitu. Wengine walianza kumwita Daktari, kwanza kwa utani, baadaye bila utani. Alikuwa mtu aliyezoea kuingia mahali akitafuta pembe ya kusimama. Akanunua kola mpya ya shati lake la Jumapili, Prossy akaishona.

Kwenye kibanda cha Awien barakoa zilitoweka. Watu walianza tena kupeana mikono na kunywa kwa kikombe kimoja. Mmoja akimkumbusha mwenzake habari ya kukaa mbali, aliambiwa, "Mbali ya nini? Nimekula." Konga aliyaona hayo. Mara nyingine moyo wake ulishtuka kidogo, kama mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama amefunga mlango. Lakini ndipo mtu humsalimia, naye huitikia, na mshtuko hupita.

*

Daktari Jedidah alikuja mwenyewe hadi Kator. Alisimama kwenye lango la fito akiwa amevaa barakoa, na Konga alipomnyooshea mkono, yeye aliweka wake kifuani.

"Mzee Konga, nimesikia watu wanakula mihogo ile ili wasipate Korona."

"Watu iko wanasema hivyo, Daktari."

"Wanasema wenyewe, au uliwaambia?"

"Mimi nasema maneno yako tu. Wewe ulisema haishikwi."

"Nilisema mhogo haushikwi. Na nilisema virusi vya mhogo, Mzee. Vile vinaingia kwenye jani, haviwezi kumwingia mtu. Na vya mtu havijui mhogo ni nini. Ni maadui wawili wasiojuana."

Konga alitazama chini. Kwa muda mrefu alichora vumbini kwa ncha ya ndala yake.

"Kumbe virusi iko mingi," alisema.

Hasira aliyokuja nayo Daktari ilimwisha pale pale. Alisema kosa ni lake pia. Aliona watu wanatikisa vichwa akaridhika, asiulize wameambiwa nini. Akamwomba awaeleze kwa Kibari na kwa Kiarabu, popote watu walipo, kwa sababu akienda yeye na Kiswahili chake cha Nairobi hakuna atakayemsikiliza. Kisha akasema jambo lililomkaa Konga kifuani: mtu anayejiona salama ndiye atakayeupeleka ugonjwa nyumbani kwake.

"Mimi nitasema," Konga aliahidi.

Na alikwenda kweli, jioni ile ile, hadi kwa Awien. Ponsiano alikuwepo, na watu wengine wa mtaa. Konga alisema kwamba Daktari amekuja, kwamba kumbe virusi ni vya aina nyingi, na kwamba vile vya mhogo ni vingine.

"Vingine vipi?" Awien aliuliza, birika mkononi. "Redio imetaja vingapi?"

Ponsiano alilifikiria jambo hilo kwa utulivu, kama alivyofikiria kila jambo. "Walipotupa sisi mbegu hii, walikuwa hawajajua nguvu yake," alisema. "Sasa wameijua. Watataka kuichukua waiuze kwao kwenye vidonge."

Watu wakaguna kwamba ndivyo. Mmoja akauliza kama Konga ametishwa. Mwingine akasema mtu mzima hawezi kukana maneno yake mwenyewe isipokuwa ameshikwa pabaya. Hawakumkasirikia. Walimwonea huruma, wakamsogezea kikombe. Konga alifungua mdomo. Ilimpasa kusema, "Nilitafsiri vibaya." Ni maneno mawili, na Kibari kinayo. Akachukua kikombe, akanywa.

Poni alimuuliza nyumbani kama amesema.

"Nimesema. Wamekataa."

"Basi sema tena kesho."

"Nitasema."

*

Ugonjwa ulianzia kwenye chungu. Prossy alionja mchuzi wa mama yake akautema; ulikuwa chumvi tupu. Poni akaonja, akalamba mwiko, akasema hauna chumvi hata kidogo. Walitazamana mama na mwana. Prossy alimaliza shule Uganda na redio za huko alizielewa. Aliijua dalili hiyo ni ya ugonjwa gani. Baadaye Poni alikohoa usiku kucha akiwa ameweka khanga mdomoni ili majirani wasisikie.

"Ni malaria," Konga alisema.

"Malaria haiibi chumvi, baba."

"Basi ni homa ya matumbo. Hii nyumba inakula mhogo ule kila siku. Haiwezi kuwa ile."

Prossy alimkazia macho. "Lakini wewe Daktari alikueleza."

Konga alikuwa ameelezwa, na alikuwa ameelewa. Lakini kwa kukaa na watu wanaoamini kwa muda wote ule, yeye mwenyewe alikuwa amerudi taratibu kwenye imani yao, kama mtu anavyorudi kwenye nyumba ya zamani kwa sababu miguu inaijua njia.

Poni ndiye aliyekataa kulala. Alifunga mzigo akaenda Konyo Konyo. Prossy alipomzuia mlangoni, alimwambia kwa sauti iliyokauka, "Nikionekana nimelala, watasema baba yako amewadanganya. Niache nionekane nimekaa."

Akakaa nyuma ya fungu lake juani, mgongo ameegemeza kwenye gunia, akiuza. Kila alipokohoa alisema ni vumbi. Wateja wakasema ndiyo, vumbi la mwaka huu ni baya. Kijana wa boda boda aliyemrudisha ilibidi amshike kwa mkono mmoja nyuma ya mgongo wake huku akiendesha kwa mwingine, na alipofika aliulizia maji ya kunawa.

Jioni ile Konga alimketisha kwenye mkeka na kumpepea kwa mfuniko wa sufuria. Kifua cha Poni kilikuwa kikipanda na kushuka upesi, kama cha mtu aliyetoka kukimbia.

"Ulisema mara ya pili?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa usiseme." Alipumzika, akatafuta pumzi. "Ukisema sasa, na mimi niko hivi, watakuchukia. Nikipona ndiyo useme. Nitakuwa kando yako."

Asubuhi Prossy alisema wanakwenda hospitali. Konga alisema waende, lakini wangoje giza liingie, barabara itulie. Kator yote ingewaona.

"Baba," Prossy alisema, "unamtunza mama au unatunza maneno yako?"

Hakumpa nafasi ya kujibu. Alitoka akasimamisha bajaji mwenyewe, jua likiwa utosini. Walimlaza Poni kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya binti yake, Konga akabanana miguuni. Njia ilikuwa moja tu, ile inayopita kwa Awien. Viti vilikuwa vimejaa. Konga alipoviona kwa mbali, alivuta khanga ya Poni, akamfunika uso.

Poni alitaka hewa. Aliisukuma khanga kwa vidole. Konga akairudisha, akaishika pale kwa kiganja, taratibu, mpaka wakavuka.

Prossy aliona. Hakumtazama tena baba yake mpaka walipofika.

*

Kwenye kituo cha wagonjwa wa Korona, mhudumu aliyevaa vazi la plastiki toka kichwani hadi miguuni aliwauliza maswali kupitia dirisha. Aliuliza ugonjwa umeanza lini, nani mwingine anakohoa nyumbani, na kama mama huyu alikuwa akivaa barakoa sokoni.

"Aliacha," Konga alisema. "Tulikuwa na kinga."

"Kinga gani? Chanjo haijafika Juba."

"Si chanjo. Mhogo."

Mhudumu aliacha kuandika. Nyuma yake mwenzake aligeuka, mabega yakamtikisika kwa kicheko, akajifanya anakohoa. Yule wa kwanza hakucheka. Aliuliza kwa upole ni nani aliyewaambia hivyo.

Konga aliangalia pale Poni alipolazwa kwenye benchi, khanga sasa iko shingoni, mdomo wazi. "Daktari," alijibu.

Hata wakati huo.

Mashine ya hewa ilikuwa na wagonjwa wanaoingojea kabla yake. Walimwingiza ndani kwa kiti cha magurudumu. Poni aligeuza kichwa kutafuta watu wake, lakini mlango ulikuwa wa kusukumwa, ulirudi wenyewe. Mhudumu alisema angeletwa mapema kidogo huenda ingesaidia. Alisema hivyo akiwa ameinama, anakusanya vitu, bila kumlaumu mtu. Siku ya pili aliwatokea nje, akavua miwani yake ya plastiki kabla ya kusema neno, nao wakajua.

Poni alizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe, ambao Konga hakuziona nyuso zao. Yeye na Prossy walisimama nyuma ya kamba. Hakuna aliyemwosha Poni, hakuna mwanamke wa ukoo aliyemvisha. Prossy aliomba kurusha udongo, akaambiwa bado. Walipomaliza kunyunyiza dawa na kuondoka, ndipo akaruhusiwa, na hapo kaburi lilikuwa limekwisha kujaa.

*

Watu wa Kator walikuja kukaa matanga ingawa ilikatazwa. Waliketi uani, wengine kwenye viti alivyovileta Awien kutoka kibandani kwake. Ponsiano aliongoza sala. Baada ya sala hakuna aliyeinuka kwenda, na Konga alijua wana swali.

"Mzee Konga," Ponsiano alianza. "Utatusamehe. Watu wana hofu. Wanauliza kama marehemu alikuwa akiula."

Kabla Konga hajajibu, Awien alimjibia. Alisema kwa huruma kabisa, mkono shavuni. "Ataulaje, masikini? Sisi tulimwona sokoni hata siku anaumwa. Aliuza wote. Mwanamke wa soko hali bidhaa yake. Aliwalisha watu, yeye mwenyewe akashindia uji."

Pumzi ikawatoka watu wote kwa pamoja. Mzee mmoja alisema ndiyo hivyo, tamaa ya soko. Mwanamke mwingine akasema asisemwe vibaya, alikuwa akitafutia watoto, lakini ni kweli, asingeuza wote angekuwa hai. Nyuso zilizokuja na woga zikalegea. Walikuwa wamepata jibu, na jibu lilimwacha kila mtu alipokuwa: mhogo na nguvu zake, Konga na kiti chake. Aliyepaswa kubeba lawama alikuwa ardhini.

Konga hakuhitaji kusema lolote. Angeinamisha kichwa tu.

Alisimama. Kola mpya ya shati ilikuwa imelowa jasho.

"Poni alikula," alisema. "Alikula kila siku. Siku alizoshindwa kutafuna nilimpondea mimi kwa mkono wangu, akameza. Alikula kuliko ninyi wote. Mhogo hauna kinga ya mtu. Daktari hakusema hivyo. Alitaja ugonjwa wa mihogo, mimi nikautafsiri ugonjwa wa watu. Kosa ni langu. Nilijua tangu alipokuja hapa langoni, na sikuwaambia, kwa sababu mlikuwa mnaniita Mzee. Mke wangu alikwenda sokoni anakufa ili mimi nisiaibike. Msimseme."

Prossy, aliyekuwa akipanga vikombe, aliviweka chini. "Ni kweli," alisema. "Yote ni kweli."

Wanawake walianza kulia. Awien aliinuka, akamshika Konga bega, akamketisha kama mtoto mgonjwa.

"Mnaona mtu anavyompenda mkewe," aliwaambia watu, sauti ikimtetemeka. "Yuko tayari kulichafua jina lake mwenyewe ili la mkewe lisiguswe."

"Huzuni ndiyo inayosema," Ponsiano alisema. "Mungu akupe nguvu, Mzee Konga. Hatutamsema tena. Tumekusikia."

Mwanamke mmoja mzee alimvuta Prossy kando, akamwambia ni vizuri binti kumtetea mama, lakini sasa amwache apumzike.

Konga aliwatazama mmoja mmoja. Alitafuta uso hata mmoja uliomwamini. Wote walimtazama kwa upendo.

Walipoanza kutawanyika, alizunguka nyuma ya nyumba ili asionekane. Huko, chini ya turubai, kulikuwa na mihogo iliyobaki, ile ambayo Poni hakuwahi kuipeleka sokoni. Milly, mke wa jirani, alikuwa amechutama hapo akichagua. Kila mtu alijua kwamba mama yake mzazi alikuwa amelala ndani tangu juzi, anakohoa. Milly alikuwa na mihogo miwili mikubwa mkononi, na mwingine ameubana kwapani.

Konga alimwendea. Hakupata neno, kwa Kibari wala kwa lugha nyingine yoyote. Akashika ile mihogo, akaivuta.

Milly alishtuka, kisha akaona aibu. Aliweka chini ule wa kwapani, akageukia pembeni, akaanza kufungua fundo la pesa kwenye pindo la nguo yake.

"Nisamehe, Mzee," alisema. "Sikutaka kuchukua bure siku ya msiba."